Ngwe za Laxton: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu Rehema,

Hatujambo. Mama yako anakusalimu, na vuli imeanza vizuri.

Umeniuliza kwa nini, kati ya vijiji vyote nilivyopita Uingereza nilipokwenda kwa mafunzo ya kilimo mwaka 1984, nakitaja Laxton tu. Unasema mlipita hapo na wenzako kutoka Nottingham, mkaona kanisa, kilima palipokuwa ngome ya kale, na mashamba matupu. Basi ni hayo mashamba, mwanangu.

Zamani sehemu kubwa ya katikati ya Uingereza ililimwa hivyo: mashamba makubwa ya kijiji yasiyo na ua, yamegawanywa ngwe ndefu nyembamba. Kila mkulima alikuwa na ngwe zake huku na huku, asije mmoja akapata penye rutuba tupu na mwenziwe akaachiwa palipotuama maji. Hata ekari yetu hii tunayoipima kwa hatua 70 kwa 70 asili yake ni huko: eneo ambalo ng'ombe wa plau waliweza kulima kwa siku moja. Kisha, hasa kati ya 1750 na 1850, Bunge lilipitisha sheria kwa maelfu za kuzungushia mashamba ua. Malisho ya wote yakapata wenyewe, na maskini aliyekuwa na ng'ombe mmoja akakosa pa kumchungia. Laxton nako kazi ilianza, ila haikumalizika. Wamiliki wakubwa hawakuafikiana. Ndiyo maana mashamba matatu yamebaki, West Field, South Field na Mill Field. Moja hupandwa ngano, la pili mazao ya kupandwa baridi ikiisha, la tatu hupumzishwa. Mwaka unaofuata yanabadilishana zamu.

Nyumba za wakulima umeziona zimejipanga kando ya barabara ya kijiji. Mtu mwenye ngwe pande zote hawezi kujenga katikati ya shamba lake. Halina katikati.

Lakini kilichonishika ni baraza lao, Court Leet. Ni la tangu enzi za mabwana wa ardhi, na mpaka leo lina nguvu ya kisheria. Kila mwaka, Novemba ikielekea kuisha au Desemba ikianza, wakulima walioteuliwa hulikagua shamba la ngano. Mwaka ule walinipakia kwenye trela la trekta pamoja nao. Walishuka kila penye mpaka, wakatazama kama kuna aliyelima hadi kwa jirani au kuingilia ukingo wa majani wa njia, wakagonga vigingi vipya. Mwenye kosa hutozwa faini, na baada ya wiki moja shauri humalizwa kwenye baa ya kijiji, Dovecote Inn.

Unaijua habari yangu na baba yako mkubwa. Wakati huo tulikuwa mwaka wa sita mahakamani kwa mstari wa minyaa, hatua nne tu za ardhi. Mimi, bwana shamba, niliyekuwa nikisuluhisha wenzangu! Nilisimama kwenye ile baridi nikimtazama mtu akipigilia kigingi baina ya ngwe yake na ya jirani, jirani mwenyewe amekishika kisiyumbe, nikamkumbuka kaka yangu hadi koo likanikaba. Niliporudi nilikwenda kwake kabla ya kufungua sanduku. Hatukumaliza siku ile. Lakini tangu msimu uliofuata tulipita mpakani pamoja kila kabla ya kulima, mpaka alipofariki.

Rudi huko siku ya ukaguzi, ukiomba ruhusa kwanza. Kabla ya kwenda, tafuta nakala ya ramani ya Laxton aliyoichora Mark Pierce mwaka 1635. Yenyewe imehifadhiwa Oxford. Linganisha ngwe za ramani na zile utakazozikanyaga. Vaa mabuti, udongo wa kule ni mfinyanzi na unanata vibaya. Na unipigie picha ya kigingi kimoja, kwa karibu, nikiweke ukutani karibu na picha ya baba yako mkubwa.

Baba yako