Maswali Yenu: Nataka kufunza watoto wa mtaa sanaa bure, nianzie wapi?

Mwezi huu barua nyingi zimekuja za sanaa na watoto, nimechagua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu maana najua wengi wenu mko pale pale alipo aliyeiandika.

SWALI: Shangazi salamu sana. Nimesomea ualimu lakini TSC, tume inayoajiri walimu, bado haijaniita, nakaa Nyalenda hapa Kisumu. Watoto wa ploti walinipata nikichora kwa veranda wakaanza kuja wikendi, sasa hata wa ploti jirani wanakuja. Nataka liwe darasa kamili la bure, kuchora na muziki, lakini sina pesa ya vifaa na mama mmoja ameniambia napotezea watoto wakati, afadhali niwafunze hesabu. Nianzie wapi? – Mwalimu, Nyalenda

JIBU: Mwalimu wangu, wewe umeshaanza, tuongee vile utaendelea. Kitu cha kwanza si rangi wala ngoma, ni siku. Chagua siku moja na saa moja, tuseme Jumamosi saa nane mchana, na uishike hata kama mvua imenyesha na wamekuja watoto wanne tu. Mtoto wa mtaani amezoea vitu vya bure vinavyokuja na kupotea, leo wageni wameleta peremende na penseli kesho hawaonekani, sasa akipata umefunga mara mbili atakuweka kundi moja na hao. Kama kila wiki ni ngumu sema kila baada ya wiki mbili, lakini ukishasema usivunje.

Vifaa visikunyime usingizi. Chukua katoni kwa duka, ifungue, tumia ule upande wa ndani wa kahawia. Mpe mtoto kipande cha makaa na kipande cha chaki. Makaa ndio kivuli, chaki ndio mwanga, na kahawia ya katoni inabaki kuwa rangi ya katikati, yaani mtoto anajifunza giza na mwanga kabla hujanunua rangi hata ya shilingi moja. Weka sufuria kuukuu juu ya stuli karibu na mlango, mwanga uipige upande mmoja, halafu mwambie asichore sufuria, achore pale giza linapoanzia. Hapo ndio utaona mtoto amenyamaza anakodoa macho, na ujue ameanza kuona.

Kwa muziki usihangaike na kinanda. Orutu, fidla ya Waluo, ina uzi mmoja tu. Nyatiti, kinubi cha Waluo, ina nyuzi nane, na mpigaji anavaa pete ya chuma kwa kidole gumba cha mguu anagonga nayo ubao wa chombo huku njuga zinalia mguuni na yeye mwenyewe anaimba, mtu mmoja bendi nzima. Tafuta mzee anayejua hiyo kazi, mpe nauli, mpikie chai, na akija akae mbele kama mwalimu si kama mtu wa kutumbuiza. Na kina mama wa Dunga, hapo Kisumu kando ya ziwa, wanaosuka vikapu kwa magugu maji yaliyokaushwa, ongea nao pia. Hii ndio inaniuma kuhusu madarasa mengi ya bure, watu wanadhani sanaa lazima itoke mjini iletewe watoto wa mtaa, na mafundi wenyewe wanaishi ploti ya nyuma na hakuna mtu amewahi kuwabishia hodi.

Huyo mama usibishane naye, mkaribishe akae Jumamosi moja aone. Mwambie hata shule sasa sanaa iko ndani ya mtaala, na mtoto akifika Gredi ya 10 njia ni tatu, na moja ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Mtoto wa mwenye pesa atalipiwa mwalimu wa piano nyumbani, wa Nyalenda atategemea shule ambayo pengine haina hata rangi, kwa hivyo wewe unamsaidia huyo mama asiachwe nyuma.

Mahali pa kukutania, Katiba ya 2010 imeweka shughuli za utamaduni, makumbusho na maktaba chini ya kaunti, kwa hivyo ukienda kwa ofisi ya wadi kuomba ukumbi huombi msaada, unaomba kazi yao ifanyike. Andika barua na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Mkifika watu kumi mnaweza kujisajili kama kikundi cha jamii kwa ofisi ya Maendeleo ya Jamii, chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, halafu mfungue akaunti.

Na hili nakusihi sana. Kila kipindi wawe watu wazima wawili, asiwe mtoto peke yake ndani ya nyumba na mwalimu yeyote hata kama ni wewe, na kila anayekuja kusaidia alete cheti cha tabia njema cha DCI, idara ya upelelezi, kinaombwa kwa eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali. Ubaoni andika 116, ile laini ya watoto, kupiga ni bure.

SWALI: Sisi ni vijana wa Rhonda, Nakuru, tunafunza watoto maigizo na sarakasi. Kuna watu walikuja na kamera, wakagawa tisheti, wakapiga watoto picha wakiwa miguu mitupu, wakaenda. Sasa wengine wanataka kurekodi video. Tukubali? – Vijana wa Rhonda

JIBU: Msikatae kwanza, ulizeni. Video ni ya nini, itaonyeshwa wapi, na nyinyi mtapata nakala? Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka mzazi au mlezi akubali kabla habari za mtoto hazijatumika, na picha yake ni habari zake, kwa hivyo bila sahihi ya mzazi kamera isifunguliwe. Warekodiwe wakiruka na kuigiza, si wakiwa wamepangwa wakae kimaskini. Na badala ya tisheti ombeni kitu cha mwaka mzima, magodoro ya sarakasi au kodi ya ukumbi. Angalieni Ghetto Classics kule Korogocho, Nairobi, wamefunza muziki miaka na miaka mpaka vijana waliojifunzia pale wakarudi kufunza wadogo wao. Hiyo haiji kwa ziara ya siku moja.

SWALI: Mjukuu wangu yuko Gredi ya 9, anataka njia ya sanaa. Mjomba wake anapiga isukuti kwa harusi na matanga na hana kitu. Nimkataze? – Mzee, Kakamega

JIBU: Mzee wangu, usimkataze. Isukuti, hiyo ngoma ya Waisukha na Waidakho, iliwekwa na UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu na utamaduni, mwaka 2014 kwa orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, maana wanaojua wanazeeka na vijana hawajifunzi, sasa huyu amejileta mwenyewe. Wikendi akae na mjomba ajifunze zile ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na pembe ya swara pia. Lakini kabla hajajaza fomu, nendeni wewe na yeye mpaka kwa shule anazotaka mkaulize kama muziki unafunzwa kweli na kama mwalimu wa muziki yupo, kwa sababu shule inaweza kuandika sanaa kwa karatasi na darasani hakuna mtu.