Tovuti ya Nini Wakati Wateja Wote Wananijua Uwanjani?

Usiku mmoja wiki iliyopita msomaji alinitumia ujumbe. Aliandika: "Kaka, shikamoo. Mimi nabadilisha gripi, yaani vishikio vya fimbo, na kufundisha wanaoanza gofu. Nina benchi moja la kazi na mikeka miwili ya kupigia mipira. Wateja wote wananijua uwanjani, na ukurasa wangu wa mtandao wa kijamii una watu wa kutosha. Hii tovuti unayotusisitizia kila mara itaniongezea nini?"

Marahaba, mdogo wangu. Maneno yako niliwahi kuyasema mwenyewe, tena nikiwa nimekunja mikono kifuani. Yalinigharimu miaka minne. Kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu, na wengine mnaotaka kuiona biashara yenu ya gofu ikikua, someni pamoja naye.

Mimi nilianza kama kedi. Nilibeba mifuko ya fimbo za watu mpaka nikawa naijua fimbo ya kila mwanachama kwa mlio wake ikigonga mpira. Fundi mmoja mzee akanionyesha jinsi ya kuvua gripi kuukuu, kukwangua gundi, kuzungushia utepe mpya na kutelezesha gripi mpya kabla dawa haijakauka. Kutoka hapo nikaingia kwenye shafti, yaani mipini ya fimbo, kisha kunyoosha pembe za vichwa vya fimbo, kisha kufundisha. Miaka ya katikati naiacha, ilikuwa kazi tu. Nilipofungua karakana yangu, hakukuwa na mtu pale uwanjani asiyenijua. Nikaamini kwamba wale ndio wateja wote waliopo duniani.

Siku moja mwanachama niliyemhudumia kwa muda mrefu alikuja na mfuko mpya kabisa. Fimbo 14 kamili, zote zinang'aa. Zilikuwa za shemeji yake aliyekuwa anaanza gofu. "Hebu mtazamie," akaniambia, "mpira hauendi popote." Nilipozishika tu nikajua. Shafti zilikuwa ngumu mno kwa mtu ambaye hata swingi, ule mzungusho wa kupiga mpira, bado hana, na gripi zilikuwa nene kuliko kiganja chake. Nikauliza kwa nini hakuja kwangu kabla ya kununua. Yule bwana akanijibu bila ubaya wowote: "Nilimwambia akutafute. Akatafuta kwenye simu jina lako, akatafuta fundi wa gofu, hukuonekana. Akaenda kwa walioonekana."

Mpaka leo jibu hilo linanichoma. Ujuzi nilikuwa nao, mteja alikuwa tayari ameshaambiwa jina langu, pesa ilikuwa mfukoni mwake. Kilichokosekana ni mahali pa kunipata mtu akiwa amekaa kwake na simu mkononi. Tena kazi yenyewe ilikuja kuwa chungu, maana shafti ngumu ukiifupisha haiwi laini. Ilibidi nimwambie ukweli kwamba nusu ya alivyonunua hatavitumia kwa muda mrefu.

Tangu 2019 sheria za gofu zinakupa dakika 3 za kutafuta mpira uliopotea. Kabla ya hapo zilikuwa 5. Mteja anayekutafuta kwenye simu hakupi hata hizo 3. Asipokuona anapiga mpira mwingine, na mpira huo ni duka la mtu mwingine.

Basi nikatengeneza tovuti. Hapa nawaomba msome polepole, kwa sababu kosa nililofanya naliona kwa wenzangu kila mwezi.

Nilimpa kijana mmoja kazi yote. Akanitengenezea kurasa nzuri, na jina la tovuti, yaani ile anwani watu wanayoiandika kuifungua, akalisajili yeye, kwa barua pepe yake. Sikuuliza. Nilikuwa na furaha mno, nikachapisha anwani ile kila mahali: kwenye kadi, kwenye mabango ya mkekani, na kwenye vile vibandiko vidogo ninavyozungushia shafti kila ninapomaliza kazi, pale chini kidogo ya gripi. Fikiria mamia ya fimbo zinazozunguka kwenye mifuko ya watu, kila moja na anwani yangu.

Tukakosana na yule kijana. Chanzo cha ugomvi hakina maana tena. Muda wa jina ukaisha, taarifa za kulipia zikaenda kwenye barua pepe yake, naye akanyamaza. Majina mengi, yakiwamo yanayoishia na .com, mwenyewe hupewa muda wa kuyarudisha baada ya kuisha, na yakishafutwa kuna siku 30 za mwisho za kuyakomboa kabla hayajaachiwa kwa yeyote. Hayo nilikuja kuyajua baadaye. Nilipogundua kwamba tovuti haifunguki, jina lilikuwa limeshachukuliwa na watu nisiowajua. Fimbo nilizozitengeneza kwa mikono yangu zikawa zinamwelekeza mteja kwenye ukurasa wa matangazo ya mambo mengine kabisa. Nilikaa karakanani na ukucha, nikivua kibandiko kimoja kimoja kwa kila fimbo iliyoletwa. Wengine waliniuliza ninafanya nini. Nilishindwa kuwaeleza.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: jina la tovuti lisajiliwe kwa jina lako, kwa barua pepe yako, na neno la siri ulijue wewe. Fundi wa tovuti mwache atengeneze, lakini funguo za nyumba zikae kwako. Unaweza kulipia jina hadi miaka 10 kwa mkupuo. Lipia mingi kadiri unavyoweza.

Tovuti ya pili niliitengeneza nikiwa na hasira, na hasira ile ilinisaidia. Sikutaka tena mapambo. Nilijiuliza swali moja tu: watu huniuliza nini kabla hawajaniamini? Kwa wiki tatu nikawa naandika kwenye daftari kila swali lililokuja kwa simu, mkekani au pale benchini. Ndipo nikagundua jambo ambalo miaka yote ya kuwa kedi sikuliona.

Gofu ina aibu nyingi mlangoni. Mtu anayetaka kuanza anaogopa mavazi yake yatachekwa. Anaogopa kuuliza kama ni lazima awe mwanachama. Hajui asimame wapi, anyamaze lini, aguse nini. Mtu mzima mwenye cheo kazini kwake hawezi kusimama mbele ya mapokezi akauliza kama ni lazima aje na fimbo zake. Ataliuliza swali hilo usiku, peke yake, kwenye simu. Biashara yenye majibu yaliyoandikwa vizuri ndiyo itakayompokea, hata kama mwenyewe umelala.

Swali lililoulizwa kuliko yote lilikuwa kama mtu ni lazima awe na fimbo 14. Nikaliandikia ukurasa mzima. Nikaeleza kwamba 14 ni kikomo cha juu. Kikomo hicho kiliwekwa na chama cha gofu cha Marekani, USGA, mwaka 1938, na klabu ya Uskochi, R&A, ikakifuata 1939, kwa sababu wachezaji walikuwa wamezidisha kubeba fimbo nyingi. Hakuna sheria inayokukataza kucheza na fimbo 7. Nikaorodhesha zile ninazompa anayeanza: moja ya mbali, ayani (fimbo za kichwa cha chuma) chache, moja ya mchangani na moja ya kusukumia mpira shimoni. Nikaweka picha ya fimbo hizo zikiwa benchini kwangu, na kovu la meza linaonekana. Ukurasa huo mmoja umeniletea wanafunzi wengi kuliko mabango yote niliyowahi kuchapisha.

Nikaandika mwingine kuhusu hendikapu, ile namba inayoonyesha uwezo wa mchezaji: ikiwa kubwa, yeye bado ni mchanga. Watu wengi hudhani hendikapu ni ya mabingwa. Tangu mfumo wa pamoja wa dunia ulipoanza mwaka 2020, kiwango cha juu kabisa ni 54.0 kwa wanaume na wanawake sawa, maana yake mtu anayepiga mara 3 zaidi ya idadi iliyowekwa kwenye kila shimo kati ya yale 18 naye ana nafasi yake. Mwanamke mmoja aliusoma ukurasa ule mara nyingi, aliniambia baadaye, kabla hajathubutu kuweka miadi. Alikuwa amepita mbele ya uwanja kwa miaka bila kuingia. Alipofika mkekani hakuniuliza bei wala muda. Akasema, "Mwalimu, mimi ni yule wa 54." Nilikaribia kutokwa na machozi. Leo anacheza mashimo yote 18, na wenzake wanne kazini amewaleta yeye kwa kuwatumia kiungo cha ukurasa uleule.

Sasa niwaambie wazi ndugu zangu wa benchi na mkeka: acheni kujificha. Unajua kwamba gripi iliyochakaa humfanya mtu akaze mikono, na mikono ikikaza swingi inakufa. Unajua kwamba kichwa cha ayani kikiinuka ncha, mpira wa mtu anayepiga kwa mkono wa kulia huelekea kushoto hata akipiga vizuri. Haya mteja wako hayajui. Anajilaumu mwenyewe, anafikiri hana kipaji, anaacha mchezo. Ukimwandikia aya tatu na kumwekea picha mbili, gripi iliyokufa na gripi mpya zikiwa zimelala pamoja, umemhudumia kabla hajakulipa. Andika unachokijua. Piga picha ya unachokifanya. Narudia, andika unachokijua.

Kuhusu ukurasa wa mtandao wa kijamii, uache uendelee kuwapo, mimi pia ninao. Ila kumbuka kwamba pale wewe ni mpangaji tu. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp vilizimika kwa pamoja kwa takribani saa 6, dunia nzima. Na zile tovuti rahisi ambazo Google ilikuwa ikiwapa wafanyabiashara bure kupitia wasifu wa biashara zao zilizimwa Machi 2024. Simlaumu mtu hapo. Nyumba ni yao na wana haki ya kubadili milango. Wasifu wenyewe bado upo na ni wa muhimu sana, kwa sababu ndio unaokuonyesha kwenye ramani. Ujaze, weka saa zako za kazi, kisha uuelekeze kwenye tovuti yako. Tena, mafunzo uliyoandika mwaka juzi kwenye mtandao wa kijamii nani atayafukua? Yameshazikwa na picha za watu wengine. Ukurasa wangu wa fimbo 14 uko palepale nilipouweka, na kila wiki kuna anayeufungua kwa mara ya kwanza.

Jambo jingine ambalo wenzetu hawalisemi ni simu. Zamani simu ilikuwa ikilia mwanafunzi akiwa juu kabisa ya swingi, ananitazama, nami natazama mfuko wangu. Nikipokea, namkosea yeye. Nisipopokea, nampoteza mwingine. Sasa ratiba iko kwenye tovuti. Mtu anaona nafasi zilizo wazi, anachagua, anaacha malipo ya awali. Waliokuwa wakiweka miadi na kutokuja wamepungua sana, na mvua ikinyesha naandika mstari mmoja juu kabisa ya ukurasa kwamba leo mkeka umefungwa, basi nimewajulisha wote.

Kuna watakaokwambia tovuti ni ya viwanja vikubwa. Usiwasikilize. Kiwanja kikubwa kina lango, kina bango, kina mashindano ya kukitangaza. Wewe mwenye benchi moja huna lango. Tovuti ndiyo lango lako, na wewe unaihitaji kuliko wao. Haihitaji kurasa 50. Yangu ilianza na kurasa 5 na ilifunguka haraka kwenye simu ya kawaida, maana huko ndiko wateja waliko. Jina lako, unachofanya, ulipo, unapatikanaje, na majibu ya maswali yao. Bei ziandikwe. Anayeona aibu kuuliza bei ni wengi kuliko unavyodhani, na wote hao hawatakupigia.

Yule msomaji nilimjibu kwa kifupi asubuhi yake. Nikamwomba asimtafute fundi wa tovuti bado. Anunue daftari, na kwa wiki moja aandike kila swali analoulizwa, kwa maneno ya muulizaji mwenyewe, bila kuyapanga. Leo mchana amenitumia picha ya kurasa mbili za daftari hilo. Kuna maswali 19. La juu kabisa liliulizwa na baba mmoja aliyepiga simu na kukata kabla hajajibiwa, kisha akapiga tena: "Naweza kuja na binti yangu wa miaka 9, au ni ya watu wazima tu?"

Nimemwambia aanze na hilo.