Vikopo vya plastiki, samaki wa moto na dumu la maji

Dada yangu wa Igoma, umeuliza kama ni salama kuwafungia wateja sato wa kukaanga katika vikopo vya aiskrimu vilivyokwisha kutumika, na kuhifadhi maji ya kunywa katika dumu lililokuwa na mafuta ya kupikia.

La samaki ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu joto na mafuta, vikikutana, huharakisha kemikali za plastiki kuhamia kwenye chakula, na sato anayetoka karaini akichuruzika anabeba vyote viwili. Geuza kikopo utazame namba iliyo ndani ya pembetatu kwenye kitako, inayoonyesha aina ya plastiki. Namba 5 huvumilia joto vizuri kuliko nyingine. Namba 1, ambayo ndiyo ya chupa nyingi za maji na soda, hulegea upesi, na namba 6 usiitie chakula cha moto kabisa. Hata hivyo kikopo cha aiskrimu kilitengenezwa kwa ajili ya baridi, kwa hiyo nakusihi umtie samaki kwenye bakuli la bati au la stili, na umfunge akishapoa.

Dumu la mafuta ya kupikia halina tatizo ukiliosha vizuri kwa sabuni, ukalifunika, na maji uliyochemsha ukayaacha yapoe kabla ya kuyamimina. Likipata nyufa au mikwaruzo ndani, liache, maana vijidudu hujificha humo, na sisi wa kandokando ya ziwa tunakijua kipindupindu. Dumu lililowahi kubeba petroli au dawa ya shambani usilitumie kamwe, hata ulioshe mara ngapi.