Mama wa watoto kumi

Swali lenu la wiki hii, "Taja huduma moja ya kijamii unayoithamini, kisha utuambie nani aliyeianzisha," nimelisoma mara mbili kwa sababu ya neno la mwisho. Huduma ninayo: benki ya chakula, yaani mahali panapokusanywa chakula cha ziada na kugawiwa bure kwa wenye shida, inayoendeshwa na watu wa kujitolea, yenye duka lake la mitumba ubavuni. Nimechambua nguo na kupanga makopo katika mojawapo kwa miaka kadhaa. Kinachonisumbua ni huyo mwanzilishi.

Jibu linalotolewa siku zote ni John van Hengel. Mwaka 1967, mjini Phoenix katika jimbo la Arizona, alianzisha St. Mary's Food Bank, inayohesabiwa kuwa benki ya chakula ya kwanza duniani. Alikuwa amestaafu biashara na anajitolea kwenye jiko la kulisha maskini. Parokia ya St. Mary's ikampa jengo lililoachwa, lililowahi kuwa la kuoka mikate, na dola 3,000 za kuanzia. Mwaka wa kwanza yeye na wenzake waligawa pauni 275,000 za chakula, karibu tani 125. Sina ugomvi na heshima anayopewa.

Ila yeye mwenyewe alikuwa akisimulia wazo lile lilikotoka. Alikutana na mwanamke mwenye watoto kumi, mume yuko gerezani, aliyekuwa akiwalisha kwa alichookota kwenye mapipa ya taka nyuma ya duka kubwa la vyakula. Chakula chenyewe, alisema mama, hakikuwa na ubaya wowote. Kilichokosekana ni mahali pa kukiweka, kama fedha zinavyowekwa benki, mwenye ziada aweke na mwenye shida achukue. Van Hengel akaenda kuyatazama mapipa, akakuta ni kweli. Kwa hiyo hata hilo neno "benki" ni la yule mama. Simulizi imehifadhi idadi ya watoto wake, jina lake ikaliacha.

Mtu anaweza kusema imetokea tu. Haya, twende Uingereza. Paddy na Carol Henderson walianzisha shirika la hisani la Trussell Trust mwaka 1997 kwa ajili ya watoto wasio na makazi nchini Bulgaria. Wakiwa katika kuchangisha, simu ikaingia kutoka kwa mama mmoja wa mji wao huo huo wa Salisbury: wanangu leo wanalala na njaa, nyinyi mtafanya nini? Fikiria ujasiri wa kumpigia mtu anayekusanya msaada wa nchi ya mbali na kumwambia ageuze shingo. Mwaka 2000 wakaanza kuhifadhi na kugawa chakula kwenye banda la bustani yao. Leo mtandao wao una vituo kote nchini humo, na mama wa simu amebaki "mama wa simu".

Mengine yote katika historia hii ni kazi ya kueneza, nami nitayapitia haraka. Mwaka 1976 sheria ya kodi ya Marekani ilibadilishwa, kampuni zikapata nafuu zaidi kwa kutoa bidhaa zao kuliko kuzitupa. Edmonton, Kanada, walifungua benki yao mwaka 1981, na Paris ikafuata mwaka 1984. Mwaka 1996 Marekani ikapitisha sheria ya kumlinda anayetoa chakula kwa nia njema asije akashtakiwa, maana wenye maduka walikuwa wakijitetea kwa hofu hiyo. Mwaka 2016 Ufaransa ikayakataza maduka makubwa kuharibu chakula kinachofaa kuliwa. Ile ya Edmonton, kwa njia, ilidhaniwa kuwa ya muda mfupi tu, hali ya uchumi ikitengemaa ifungwe. Bado iko wazi.

Duka la mitumba lina ukoo wake, na ni mkongwe zaidi. Mwaka 1902 mchungaji Edgar Helms wa Boston alipita na magunia nyumba za wenye nacho akikusanya nguo na vyombo kuukuu, akawapa wasio na kazi wavitengeneze, vikauzwa kwa bei ndogo, na ujira wao ukatoka humo humo. Ndiyo Goodwill, shirika la maduka ya mitumba la Marekani. Oxfam nayo, shirika la misaada lililoundwa Oxford, Uingereza, mwaka 1942, ilifungua duka lake la Broad Street baada ya vita, watu walipoleta vitu vingi kuliko vilivyoweza kusafirishwa kwa wahitaji.

Kwa nini viwili hivi hupenda kukaa pamoja? Kwanza ni hesabu. Chakula kinakuja bure, lakini kodi ya jengo, umeme wa majokofu na mafuta ya gari la kukifuata haviji bure. Mfadhili atakupa shehena ya makopo na kupigwa picha nayo. Sijaona anayejitokeza kulipia bili ya umeme. Koti kuukuu ndilo linalolipa. Pili, mtu aliyetoka kwenye foleni ya msaada akaingia dukani, akachagua shati, akaomba apunguziwe na akalipa, hutoka akiwa mteja. Nguo zisizouzika hufungwa robota na kununuliwa kwa kilo na wafanyabiashara, nyingine zikavuka bahari kuanza maisha upya. Hakuna anayeipenda kazi ya kufunga robota. Vumbi lake hukaa puani hadi kesho yake.

Sasa nije kwetu. Tulikuwa na kikao kila mwezi, na katika vikao hivyo tulibishana sana juu ya mambo tuliyoyaona makubwa: je, mtu aje na barua ya kuthibitisha shida yake? Achukue mara ngapi kwa mwezi? Kila upande ulikuwa na hoja zake, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kusimama upande ule mwingine wa meza.

Siku moja mwanamke mmoja aliyekuja kwa mara ya tatu alikiinua kikapu chake, akakiweka chini tena. "Mmenipa makopo sita," akasema, "wala hamjaniuliza kama nina cha kuyafungulia." Tukatazamana. Wiki zile zote alikuwa akiyafungua kwa kisu, na kidole gumba chake kilikuwa na kovu la kutosha kuthibitisha. Kijana wetu mmoja akakimbilia upande wa duka, kwenye lile sanduku la vyombo vya jikoni ambalo hununuliwa na watu wachache, akarudi na vifungulio vitatu. Mama akavijaribu kimoja kimoja kwenye kopo, akachukua kimoja, akatushauri viwili vilivyobaki tuviweke pale mezani, kwa sababu hayuko peke yake.

Kuanzia hapo kila kifungulio kilicholetwa dukani kilipelekwa kwenye meza ya chakula, na mtu mpya aliulizwa kwanza jikoni kwake kuna nini. Kati ya yote tuliyobadilisha, sikumbuki lingine lililotufaa hivyo. Nilirudi baadaye kulitafuta jina lake kwenye daftari la siku ile. Huwa tunaandika ukubwa wa kaya peke yake, kwa kulinda faragha. Mstari wake unasomeka: watu wanne.