Nataka mifuko

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Hijabu kwa mwanamke wa Kiislamu ni hiari yake au ni shuruti?" Mimi ni fundi cherehani Kikwajuni, Unguja, mwaka wa 27 sasa, na mabuibui, majuba na shungi za skuli ndiyo riziki yangu. Nimewashonea wanaokuja wakicheka na nimewashonea wanaokuja wakisindikizwa. Kwa hiyo jibu langu litakuwa refu kidogo, mnivumilie.

Kwanza hilo neno lenyewe. Sisi utotoni hatukuliita vazi hijabu. Tulisema kujitanda, ushungi, mtandio. Buibui lilikuwa buibui. Nilipokuja kukaa darsani nikiwa mtu mzima ndipo nikaambiwa kwamba ndani ya Kurani neno hijabu limekuja mara 7, na hakuna hata pahala pamoja lilipotumika kwa kitambaa cha kichwani. Ni pazia, ni kizuizi. Katika Surat Al-Ahzab aya ya 53 watu wanaambiwa wakiwa na haja kwa wake za Mtume, waombe nyuma ya pazia. Nguo zenyewe zina majina yake: khimari, yaani mtandio, katika Surat An-Nur aya ya 31, na jilbabu, yaani vazi la juu, katika Al-Ahzab aya ya 59. Sisemi haya ili kuipunguza amri. Naamini ni amri, na maulamaa wa madhehebu 4 ya Kisunni wamekubaliana kwamba nywele hufunikwa. Walipohitilafiana ni kwenye uso. Ila wanaopenda kunisomea aya ya 31 nawaomba waanze na ya 30, inayowaambia wanaume wainamishe macho. Katika miaka yote hii, wanaume wengi wamenijia wakitaka nirefushe vazi la mke. Hakuna aliyewahi kuniletea macho yake niyapunguze.

Swali lenu linaweka amri upande huu na hiari upande ule, na hapo ndipo liliponikwaza. Mume wangu hufunga Ramadhani. Ni amri, si mchezo. Lakini sijaona gazeti likimuuliza kama analazimishwa, na mimi niliye naye najua kwamba akikosa kuamshwa daku hununa kutwa nzima. Mtu huitii amri kwa moyo wake na ikawa ni yake. Taabu huanza mkono wa tatu unapoingia kati ya mja na Mola wake, ukashika ncha ya mtandio.

Mkono huo naujua kwa historia ya nyumbani kwetu. Bibi yangu mzaa mama alizaliwa na mwanamke aliyekuwa mtumwa. Kwetu jambo hili husemwa kwa sauti ya chini, nami nimechoka na sauti ya chini. Enzi hizo mjini Unguja ungemjua mtumwa kwa kumtazama tu: wajakazi walivaa merikani au kaniki iliyofungwa kwapani, mabega nje, kichwa wazi. Kujifunika kulikuwa kwa waungwana. Mabibi wa Kiarabu walikuwa na barakoa zao zilizotariziwa. Kule Lamu bibi wa kiungwana alitoka ndani ya shiraa, kama hema la kitambaa lililoshikiliwa kwa miti, na walioishika miti hiyo ni wajakazi. Aliyesitiriwa yuko ndani. Wanaomsitiri wako nje, juani, na hakuna aliyejali wao wanaonekana nini.

Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, wanawake wale hawakukimbilia kuvua. Walikimbilia kuvaa. Wakajitanda kanga. Wakavaa ukaya, kile kitambaa chepesi cha kichwani chenye ncha mbili ndefu. Na mwanzoni mwa karne iliyofuata, buibui lilipoingia mjini, likavaliwa na binti wa bwana na binti wa mtumwa wa jana, ukipishana nao uchochoroni huwezi kusema yupi ni yupi. Nadhani hilo ndilo lililowapendeza. Bibi alikuwa na ukaya wa mama yake ndani ya kasha, umefukizwa udi miaka nenda rudi hadi ukawa rangi ya chai ya maziwa. Alinionyesha mara moja tu, nilikuwa na miaka kama 10. Akasema, "Huu mama aliununua kwa pesa yake mwenyewe," akaukunja, akaurudisha, akafunga kasha.

Basi mtu akiniambia kitambaa cha kichwani ni mnyororo, namwambia kwetu mnyororo ulikuja na kichwa wazi.

Lakini nisiseme nusu. Kitambaa hicho hicho kikitiwa kichwani kwa nguvu, si ukaya wa mama yake bibi tena. Tazameni Irani. Mwaka 1936 mfalme Reza Shah aliwapiga marufuku wanawake kujifunika, na askari wakawavua njiani. Wako waliojifungia ndani kuliko kutoka vichwa wazi. Baada ya mapinduzi ya 1979 likageuzwa, kujifunika kukawa lazima kwa sheria, na Septemba 2022 binti wa miaka 22, Mahsa Amini, akafa baada ya kukamatwa na polisi wa maadili kwa ajili ya namna alivyovaa. Yule alivua, hawa walivika, na wote hawakumuuliza mwenye kichwa. Ufaransa nayo mwaka 2004 ilikataza mitandio katika shule za serikali, kisha 2023 ikafika kwenye abaya. Mimi kama fundi nilicheka kidogo hapo: abaya ni gauni refu pana. Watalitofautishaje na gauni refu pana la msichana asiye Mwislamu? Kwa kumtazama uso, labda.

Wala tusidhani haya ni ya mbali au ni ya dini peke yake. Kuanzia Januari 1969, Dar es Salaam, vijana wa TANU, chama tawala cha wakati huo, katika Operesheni Vijana waliwaandama wasichana waliovaa vimini na mawigi, na hapakuwa na aya iliyosomwa. Ilikuwa ni utamaduni wa taifa. Jirani zetu Wakenya wamefikishana mahakamani kwa ajili ya wasichana wa Kiislamu katika shule moja ya kanisa kule Isiolo: Mahakama ya Rufani ikawapa ruhusa mwaka 2016, Mahakama ya Juu ikaitengua Januari 2019, zaidi kwa ajili ya utaratibu wa kesi kuliko vazi lenyewe. Kilichobishaniwa ni mtandio na suruali. Kwa hesabu yangu ya cherehani, mita 4 hazitimii.

Yangu mwenyewe ni madogo. Mwaka 1991 nilikwenda kusoma chuo Bara. Siku ya picha ya kitambulisho mpiga picha alisema masikio yaonekane, na mwalimu aliyesimama nyuma yake akasema afadhali mtandio wote utoke. Nikautoa, nikaushika mapajani. Picha ninayo hadi leo; masikio yanaonekana vizuri sana. Miaka michache baadaye, siku ya hitima ya shangazi yangu, ami mmoja alinisimamisha mlangoni kwa sababu mtandio wangu ulikuwa wa chifoni. Akaushika ncha kwa vidole viwili, akauliza, "Hiki chandarua umekitoa kitanda gani?" Watu wakacheka. Mnaniuliza kipi kiliniuma zaidi? Nilisikia joto lile lile, kwenye masikio yale yale.

Kwa hiyo nimekuwa na tabia, mwanamke akiletwa kwangu na mtu, namgeukia yeye. Mwaka jana kabla ya mfungo alikuja kijana na mchumba wake. Kijana alikuwa na adabu zake, akanipa shikamoo, akakaa kwenye benchi, akaanza kuagiza: buibui liwe jeusi, lisibane popote, mikono ifike vidoleni, na ninja ya kufunika uso juu yake. Binti kimya, anatazama vibandiko kwenye cherehani yangu. Nikajisema moyoni, haya, tumeanza. Nikaweka futi shingoni, nikamwuliza, "Na wewe mwanangu, unatakaje?"

Akasita, akasema, "Nataka mifuko, mama."

Kijana akashangaa: mifuko ya nini, si una mkoba? Binti akasema mkoba huibiwa sokoni Darajani, na simu akiishika mkononi huiangusha anapopanda daladala. Mifuko miwili, ya kina, isionekane. Wakabishana pale kama dakika 5 na nilifurahi kuwasikiliza, maana hatimaye wawili walikuwa wanazungumza. Nikamtilia mifuko ubavuni, kwenye mshono, kina cha kiganja kizima na vidole vyake.

Alikuja kuchukua peke yake. Akalivaa juu ya gauni lake, akatia mikono yote miwili mifukoni, akasimama barazani hivyo hivyo akijipinda kulia na kushoto kama mtoto siku ya Idi. Nikamwambia kwa sauti ya shangazi anayejua mambo, "Mwanangu, hiyo ninja kama huitaki unaweza kuiacha hapa, sitamwambia mtu."

Akanitazama, akacheka.

"Ninja niliitaka mimi, mama. Yeye alisema nitasikia joto. Nilimtuma aseme kwa sababu nilikuona haya wewe, kichwani una mtandio tu. Lake ni hilo la mikono kufika vidoleni, na hilo nalo nitakuja unipunguzie."

Nikamhesabia chenji yake. Akaitia mfukoni.