Re: Mkojo unachoma na niko sokoni siku nzima

Pole dada. Umesema unauza nguo Kibuye kutoka asubuhi, mkojo unachoma, kila saa unakimbia choo na ni matone tu, unauliza kama ni UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, ama ni kunywa maji kidogo. Inakaa UTI lakini usikisie, ingia lab upimwe mkojo, wanachovya kijiti na majibu hayachukui muda, ila mwaga ule wa kwanza kidogo ndio ukinge wa katikati. Na hii tabia yetu ya kukaa na kiu makusudi juu choo ni cha kulipia na tena kichafu, wacha kabisa, mkojo ukikaa sana bakteria wanazaana, na wengi wao hutoka kwa haja kubwa ndio maana unajipangusa mbele kwenda nyuma. Achia jirani meza uende. Ukimaliza tendo pia, kojoa. Vidonge viwili vitatu vya kemisti bila kupimwa hapana, ukipewa dozi maliza yote hata kama kuchoma kumeisha. Sasa ukishikwa na homa, kutetemeka, ama uchungu wa ubavuni kwa mgongo, ama kama uko na mimba, hapo usingoje kufunga kibanda, ona daktari leo leo.