Wakisema "red flag", uliza ni bendera gani

Mama yangu aliumwa mgongo kwa miezi miwili. Nilimpeleka hospitali hapa Tanga, na daktari wa zamu alikuwa mgeni asiyejua Kiswahili, basi nikatafsiri mimi. Akamhoji, akampima, mwisho akasema hakuona "red flags". Nikamgeukia mama: "Hakuna bendera nyekundu."

Njia nzima hadi Ngamiani mama hakusema neno. Usiku ndipo akaniuliza kwa nini daktari yule alidhani ametoka kwa mganga. Kwake, bendera nyekundu ni ile inayopepea juu ya kilinge. Iliniuma sana. Habari ilikuwa njema, na mimi nilimfikishia fedheha.

Tangu siku ile nashauri: kabla hujatafsiri maneno hayo, tazama msemaji ni mtu wa kazi gani. Kwa mtu wa reli, na mji wetu una reli iliyoanza kujengwa 1893, bendera nyekundu ni amri: simamisha treni. Kwenye mashindano ya magari ni hivyo hivyo, mbio zinasimama. Kwenye baadhi ya fukwe zenye waokoaji, moja nyekundu ina maana bahari imechafuka na ni hatari kuogelea; mbili, usiingie kabisa. Lakini ukiona yenye nyekundu na njano, hapo ndipo pa kuogelea, waokoaji wanatazama! Rangi peke yake haikutoshi.

Mkaguzi wa hesabu hatoi amri. Akikuta risiti za miezi tofauti zenye namba zinazofuatana, atasema ameona "red flag", na hapo hajamwita mtu mwizi. Ameona jambo la kuchimbua. Ukitafsiri "wizi", umemhukumu mtu ambaye bado hajaulizwa hata swali moja. Vijana nao hulitumia kwa uchumba: mwanamume anayekupekua simu, au anayekwepa kukupeleka kwao. Hapo nasema "dalili mbaya", inatosha.

Hospitali ndiko kunakohitaji uangalifu zaidi. Kwa mgonjwa wa mgongo, daktari huwa anatafuta mambo kama ganzi katikati ya mapaja, mkojo au choo kushindwa kuzuilika, homa, kukonda bila sababu. Lolote kati ya hayo humfanya achunguze haraka, maana huenda mishipa ya fahamu imebanwa au kuna ugonjwa mkubwa nyuma ya maumivu. Ukiwa mkalimani, mwombe ayataje moja moja, nawe umtajie mgonjwa moja moja. Usione haya kumrudisha daktari nyuma.

Na neno lenyewe tunalo. Manesi wa kliniki ya wajawazito wanalisema kila siku: dalili za hatari.

Asubuhi nilimwendea mama jikoni. "Mama, jana nilikosea. Daktari alisema hakuona dalili yoyote ya hatari."

Akaweka kikombe chini. "Kama zile wanazomfundisha dada yako kliniki?"

"Hizo hizo, mama."